Kuku wa Kiu

Mjukuu wangu alipanda kutoka Goma siku ya Noeli, akaniletea kitambaa cha shingo. Kilikuwa chepesi hata nikadhani mfuko ni mtupu. «Koko, shika uone,» akasema. «Iko soie ya kweli.» Nikashika. Kikapita katikati ya vidole vyangu, na vidole vikakumbuka kabla ya kichwa. Nikakitupa juu ya kitanda, nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nimekunja uso, na mtoto wa watu akabaki hajui amenikosea nini.

Hakunikosea. Lililonikosea ni lile neno. Ninyi wa rika langu mliokulia Masisi mnajua Kifaransa kilivyotufikia: vipande vipande, kimoja kutoka jikoni kwa mzungu, kingine kutoka misioni, kingine kinywani mwa dereva, na kila mtu akaunga vipande vyake alivyoweza. Kuna waliopata faida. Mimi nilipata hasara, na hasira yake sijaimaliza mpaka leo.

Baba yangu alikuwa mpishi kwa Madamu mmoja aliyekaa juu ya kilima, penye mashamba ya pareto, yale maua meupe ya kuulia wadudu. Sisi tulikaa chini yake, mteremkoni, mama akilima maharage na viazi. Na huyo Madamu alifuga kuku ambao hakuwala, hakuwauza, wala mayai yao hakuyataka sana. Aliwafuga kwa kuwaangalia tu! Jioni aliwekewa kiti nje, akanywa kahawa, akawaangalia. Mama alisema muntu mwenye shibe anaweza kuangalia hata ukuta.

Lakini kwa kweli walikuwa wa kuangaliwa. Hawakuwa na manyoya ya kuku, walikuwa na nywele. Nyeupe, laini, kama za sungura, mpaka miguuni, na kichwani kishungi kimeangukia macho. Ukipuliza zile nywele unaona ngozi nyeusi ya buluu. Vidole vya mguu vitano badala ya vinne. Mchuuzi mmoja wa mawese, aliyekuwa akipandisha mafuta kutoka Mpofi kuja kubadilisha na maharage yetu, alitua mzigo wake chini akawazunguka mara mbili. «Kwetu Walikale tuko na nyama ya kila namna mu pori,» akasema, «lakini hii sijaona. Hii ni sungura njo alioa kuku.» Akakataa hata kulala kwetu usiku ule.

Maana wale kuku walikuwa wameshakuja kwetu. Madamu alikuwa anakwenda Ulaya kwa konji, likizo ndefu, akamwachia baba funguo za nyumba, na jogoo mmoja na tembe mmoja wa wale kuku. Waliteremka kwenye kikapu. Mama akafunua, akaona jogoo amefungwa mguu, akacheka kwa pua: «Kuku mugeni haikosi kamba mukiguu. Na hii kamba, tutaona itafunga nani.»

Baba akatuita barazani, akatoa sheria. «Tutafanya sawa na ng'ombe ya kulagiza,» akasema. Mnakumbuka kulagiza: mtu wa ng'ombe wengi kule juu anampa jirani jike mmoja amchungie, maziwa ya mchungaji, ndama wa kwanza wa mwenye ng'ombe, wa pili wa mchungaji. «Madamu amekubali. Kitoto ya kwanza itakuwa yake. Ya pili ni ya mwenye kuchunga. Ya tatu yake, ya ine ya muchungaji.» Kisha akanitazama mimi. «Na muchungaji njo huyu.»

Msifikiri alinipenda kuliko wengine. Wakati ule mwanamke kwetu hakula kuku wala yai, na baba alisema wazi mbele ya wote: ukimpa mwanamume kuku achunge, siku moja utakuta mifupa, umpe mtoto mwanamke, atachunga mpaka wazeeke. Nikatukanwa na kupewa heshima kwa pumzi moja. Lakini sikujali. Nilitaka kile kitoto cha pili. Katika nyumba yetu kila kitu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Jembe la mama, kiti cha baba, kitanda cha sisi watoto wote. Hata jina langu lilikuwa la shangazi aliyekufa. Nilitaka kitu kimoja duniani ambacho mtu akiuliza «hii ya nani?» nitajibu mimi, na hakuna atakayenirekebisha.

Siku ya kuondoka Madamu aliniita. Alikuwa na Kiswahili cha jikoni, cha lete-peleka. Akaweka mkono juu ya tembe, akasema, «Hii kuku jina yake poule soie. Wewe chunga muzuri. Poule soie. Sema.» Nikasema: «Pul-swa.» Akafurahi. Nikateremka kilima nikilibeba lile neno mdomoni lisije likamwagika: pul-swa, pul-swa.

Kaka yangu Fideli alikuwa akisoma misioni, akirudi nyumbani Jumamosi. Alikuwa mtu wa Kifaransa. Akikwaa jiwe alisema «merde», tusi la kizungu, na mama alidhani ni sala. Nikamngojea njiani, nikamwambia neno langu. Akasimama, akafikiri, akatoa kidole.

«Haiko swa,» akasema. «Ni swaf. Madamu anameza mwisho ya neno. Bazungu bote beko vile. Swaf njo kiu. Poule swaf, kuku ya kiu.»

«Kiu ya nini?»

«Kiu ya maji, mujinga! Inasikia kiu kupita kuku zingine. Njo maana alikuambia chunga muzuri.»

Basi. Palepale njiani, kati ya mibono na mavi ya ng'ombe, maisha ya kuku wangu yakaamuliwa. Fideli, Mungu amrehemu, alikuja kuwa mwalimu. Alifundisha Kifaransa huko Kashuga miaka mingi, na watu walimwondolea kofia.

Nikaenda kuwaangalia wale kuku kwenye jua, na kweli, walikuwa wamefungua midomo, wanatweta! Leo najua kuku mwenye nywele nyingi hivyo anasikia joto. Siku ile nilijua ana kiu, maana nilikuwa nimeambiwa na mtu aliyesoma. Chemchemi yetu ilikuwa chini kabisa, njia ya utelezi. Nikachukua kibuyu, nikateremka, nikapanda. Asubuhi maji, mchana maji, jioni maji. Mabega yaliniuma. Nikawawekea beseni pana, maji yasipungue hata kidogo. Mama akasema, «Hii kuku unainywesha sawa ng'ombe. Kuku inakunywa tone, inaangalia mbinguni, inashukuru, basi.» Fideli akamjibu kwamba yeye mama hajui Kifaransa. Na hiyo ilikuwa kweli, mama hakujua.

Yule tembe alipenda kuatamia kupita kiasi. Ukimwondolea mayai anaatamia jiwe. Alipoangua mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Vitoto! Nikawapa majina siku ileile, kwa furaha: Furaha, Faida, Riziki, na Matabishi, kwa sababu yeye alitoka mwisho wakati tulidhani yai lake limeoza, kama nyongeza ya sokoni. Mama akanishika mkono. «Kitovu hakijaanguka unaita jina? Kifo nacho kiko na masikio.» Mimi nikasema kuku hawana kitovu.

Nikawanywesha. Mawee, niliwanywesha! Waliingia wenyewe ndani ya beseni na miguu yao ya nywele, wakatoka wamelowa, nywele zimekuwa nyuzi, wanatetemeka. Nikaona wanatetemeka kwa kiu. Nikachota maji mdomoni nikawapulizia juu, kama tunavyompulizia mtu aliyezimia. Na ninyi mnajua asubuhi za Masisi, ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi. Furaha alikutwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Kisha Riziki. Kisha wale wengine wawili pamoja. Niliwashika, wakawa wazito kwa maji kama kitambaa cha kufutia meza.

Jumamosi nikamwambia Fideli wamekufa. Akatikisa kichwa cha mtu mkubwa. «Beliona kiu. Ongeza.»

Nikaongeza! Tembe akaatamia tena, akaangua tena, na mvua kubwa ikawa imeanza. Nikawaita Tumaini, Neema na Subira. Sasa nilikuwa naamka kabla ya kuku wenyewe. Nilianguka njiani na kibuyu, kikapasuka, nikapigwa kwa ajili ya kibuyu, nikachukua kingine. Mabinti wenzangu walikuwa wanacheza, mimi nachota. Hakuna mtoto kilima kizima aliyefanya kazi kama ile. Na kila nilivyofanya kazi zaidi, walikufa upesi zaidi. Hicho ndicho kilichonichoma na kinanichoma hadi sasa. Mvivu kuku wake wanaishi! Jirani yetu mmoja hata hakujua kuku wake ni wangapi, na walikuwa wamejaa uwanjani wanakunya kila mahali wakiwa wazima. Nilikwenda nikawarushia mawe kwa wivu.

Subira alipokufa, wa mwisho, sikulia. Nilipiga beseni teke. Baba alikuwa anapita, akaniuliza, «Sasa Madamu akirudi nitamuonyesha nini?» kwa sauti ya chini, na ile sauti ilinitia hofu kuliko fimbo.

Mara ya tatu mayai yote yalioza isipokuwa moja. Kikatoka kitoto kimoja, kidogo, kimepinda shingo. Nilikuwa nimechoka. Nikakitazama nikasema, «Na hii takataka inakuja kufanya nini?»

Mama alikuwa anapepeta maharage. Akaacha. «Sema tena.»

«Takataka hii!»

«Njo jina yake,» akasema. «Liache vile. Usimuite lingine.»

Mnajua desturi. Mwanamke aliyezika watoto wengi, akizaa tena humpa mtoto jina baya, jina la uchafu, na hamwonyeshi upendo mbele za watu, ili kifo kipite kikisema hapa hakuna cha kuchukua. Mama aliniambia: usimbembeleze, usimtumikie, usimkimbilie. Mtupe kwenye kona ya jiko. Nikamtupa ndani ya chungu kilichovunjika, karibu na mafiga, juu ya maganda ya maharage. Maji? Sikumpelekea. Kumpelekea maji kungekuwa kumwonyesha kifo kwamba ninampenda. Mama ndiye aliyekuwa akimwekea tone kwenye kifuniko cha kopo alipokumbuka, na mara nyingi hakukumbuka.

Takataka akaishi.

Akaishi siku baada ya siku, mimi nikitembea kwa vidole vya miguu nisije nikakiamsha kifo. Nilimtukana mchana kutwa. «Takataka, toka hapa! Wewe ni wa nini?» na tumboni ninacheka. Shingo ikanyooka. Kishungi kikaota. Siku moja mama yuko shambani, hakuna mtu, nikavunja sheria nikamtia mkono, kidogo tu. Nikashtuka nikautoa. Sikuwa nimewahi kumshika mmoja wao akiwa mkavu. Wote niliwashika wakiwa wamelowa! Huyu, mkono wangu ulizama, na sikuweza kusema mkono unaishia wapi na yeye anaanzia wapi. Nikamwekea shavu. Alinuka moshi na maganda.

Hapo nikaamini nimeshapata siri. Siri ni jina! Tembe akiangua tena nitawaita Mavi, Kinyaa, Tupa-kule, wataishi wote, na wa pili atakuwa wangu. Nilikuwa na majina mabaya ya kutosha kijiji kizima. Nilimsubiri tembe aatamie. Safari hii, yeye aliyeatamia hata mawe, akawa ananyonyoka nywele na hataki.

Gari la Madamu likaja kabla.

Alikuja mwenyewe mpaka uwanjani kwetu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, amefunga kitambaa cha kijani shingoni. Ilikuwa Jumamosi, Fideli yuko. Baba akamletea jogoo na tembe kikapuni. Kisha, kwa heshima, kwa mikono miwili, akamletea Takataka, aliyekuwa sasa na nywele zote, mweupe kabisa licha ya moshi. «Ya kwanza, Madamu. Ya mwenye mali,» baba akasema. Mimi nilisimama nyuma ya mlango. Ya kwanza. Na ya pili haikuwapo. Sheria niliijua, nilikuwa nimeihesabu kichwani kila siku, na bado ilinipiga kifuani kama mtu asiyejua.

Madamu akauliza nani alimchunga. Baba akaniita. Nikaja. Yule mwanamke akainama, mzungu mzima, akaniletea Takataka mpaka usoni. «Shika,» akasema. «Muzuri sana. Soie. Unaona? Soie.» Niliogopa kushika. Mbele za watu nilikuwa bado ninamchukia, kwa ajili ya usalama wake. Akaona sielewi. Akavuta ncha ya kile kitambaa chake cha shingoni, akaniwekea kwenye kiganja. «Hii na hii, moja. Soie. Soie!» Akagusa shingo yake, akagusa kuku, akagusa shingo yake.

Nikamgeukia Fideli. «Anasema nini?»

Fideli alimtazama Madamu anavyojigusa kooni. Ah, aliona wazi. «Ana kiu!» akasema. «Hauoni anaonyesha koo? Kimbia!»

Nikakimbia. Maji ya mtungi yalikuwa ya jana, na mgeni kama yule hapewi maji ya jana. Nikateremka mpaka chemchemini, ile njia yangu niliyoijua kwa kila jiwe. Nikasuuza kikombe mara tatu. Nikachota pale yanapotokea kwenye mwamba, safi, baridi. Nikapanda nikikifunika kwa kiganja lisimwagike hata tone, nikifikiri: akiburudika atanikumbuka. Nilipofika uwanjani, gari lilikuwa linakata kona ya mwisho ya mashamba ya pareto.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anaizungusha ile kamba ya jogoo kidoleni.

«Ulienda wapi?» akaniuliza.

«Kuleta maji. Madamu alikuwa na kiu.»

«Nani alikuambia ana kiu?» Fideli alikuwa ameshaingia ndani. Baba akautazama mlango. «Alitaka kukuachia ile kadogo. Akasema ni ya yule mutoto. Mimi nikasema hapana, ya kwanza ni ya mwenye mali, ndiyo sheria. Akangoja. Akauliza mutoto iko wapi.» Akaifunga kamba, akaitia mfukoni. «Kama ungekuwa hapa akuwekee mumikono, mimi ningesema nini? Ningenyamaza. Lakini haukukuwa.»

Nilisimama na kikombe changu. Hakuna mtu aliyenionyesha pa kukiweka. Mama alitoka akanitazama, akakichukua, akamwaga maji kwenye miche ya kabichi.

Madamu hakurudi tena uwanjani kwetu, na baada ya muda wazungu wakaondoka, na kuku wale sikuwaona tena. Miaka mingi niliishi nikiamini ni majina. Watoto wangu mwenyewe sikuwaita vizuri mbele za watu mpaka walipoota meno. Neno hariri sikulijua, wala sikujua kwamba soie ya Madamu ndiyo hariri, kwamba wale walikuwa kuku wa hariri, si wa kiu. Kwetu kilimani nani alikuwa na hariri? Na soie kama nilipita nayo sokoni Goma, sikuuliza. Nilikuwa nimeacha kuuliza maneno.

Nyuma ya nyumba baridi ilinifukuza, nikarudi ndani. Mjukuu wangu alikuwa amekiokota kitambaa, anakikunja polepole, amenuna kidogo. Ana haki ya kununa.

«Koko, kama hukipendi nitakibadilisha,» akasema. «Lakini ukikibakisha, usikiloweshe ovyo. Soie haipendi maji.»

Mawee. Mtoto wa juzi. Amelitamka kama jambo la kila siku.

«Umechelewa, mwanangu,» nikamwambia. «Ungekuja kuniambia Furaha akiwa bado mzima.»

«Furaha ni nani?»

Nikamwambia avute kiti. Nikajifunga kile kitambaa shingoni, kikavu, nikaanza kumtajia majina.